Uji wa Ukuta

Kwa miaka minne, bila hata siku moja ya mashaka, niliamini kwamba kijiji kimoja chenye ngome juu ya kilima, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka karakana za jinzi za Xintang, pembeni ya Guangzhou, China, kilijengwa na watu wa Kilwa. Sisemi walisaidia. Walijenga. Niliamini kwamba karne nyingi nyuma, zama zile twiga wa pwani yetu alipopelekwa zawadi kwa mfalme wa China, wachunga twiga walikataa kurudi nyumbani, wakapanda kilima, wakaoa huko, wakazungusha ukuta wa mawe, na kila mmoja akachora alama yake kwenye jiwe lake, kama sisi wafanyabiashara tunavyochora alama zetu kwenye mabelo ya nguo kabla hayajaingia kontena. Nilikuwa tayari kuapa. Na niliapa, mara nyingi, mbele ya watu wenye heshima zao.

Ninaandika haya nikiwa na hasira, na wanaonijua watashangaa, maana mimi ni mtu ninayecheka hata mzigo ukizuiwa bandarini. Sekondari niliisoma kwa masomo ya jioni, Ilala, nikiwa na ndevu na watoto wawili, na mwalimu wetu wa historia alizoea kusema kwamba vita vya Majimaji nikivieleza mimi wanakufa watu wengi kuliko waliokuwepo. Kukuza mambo ni ugonjwa wangu wa siku zote. Nyumbani haukuwahi kumdhuru mtu. Huku Guangzhou umebomoa ukuta.

Ukuta huo ulikuwa na mwenyewe, mwanamke ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hata sisi wateja wake hatukulitumia. Laoban ni bosi kwa Kichina, kila mwenye duka hapa ni laoban, lakini yeye tulimwita Mama Laoban, na Mtanzania yeyote aliyewahi kununua jinzi Xintang atajua ninamsema nani.

Alikuwa na karakana ya kushona ghorofa ya pili, juu ya duka la zipu. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni, buluu ya rangi ya jinzi isiyotoka kwa sabuni wala kwa miaka, na kucha zake zilikuwa fupi kama za daktari. Kwa kimo alinifikia kwenye mfuko wa shati, ingawa mimi niliwaambia watu ananifikia kwenye mkanda. Yeye aliniita Mrefu. Kiswahili chake alikipata kwa wateja, na wateja wa jinzi hawafundishi mashairi: alijua kuhesabu, alijua kiuno, paja, zipu, kesho, mwongo, na geuza. Yaliyobaki tulielewana kwa Kichina changu cha sokoni, kwa vidole, na kwa hasira yake, ambayo haikuhitaji mkalimani. Humu nitayaweka maneno yake katika Kiswahili kilichonyooka, kwa sababu ndivyo nilivyomwelewa.

Hasira alikuwa nayo kama watu wengine walivyo na kisukari. Ilikuwa ya kila siku, ya kuishi nayo, ya kupangia mlo. Asubuhi aliwakasirikia wauza nyuzi, mchana wapiga pasi, alasiri sisi. Ukimsifia karakana alikasirika zaidi, maana aliona unatafuta punguzo. Mteja mmoja wa Mwanza aliwahi kumwambia kwamba mishono yake ni mizuri kuliko yote Xintang. Mama akachukua suruali ya mteja huyohuyo aliyokuwa ameivaa, yaani akamshika kiunoni hivi, akageuza ukingo wa mfuko nje, akamwonyesha uzi uliokuwa unaachia. "Hii nilishona mimi," akasema. "Mbaya. Usinidanganye."

Geuza lilikuwa neno lake kuu. Hakuna suruali iliyotoka mle bila kugeuzwa ndani nje. Aliiweka gotini, akashika miguu miwili ya suruali, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mshono ukiachia, suruali ilipaa hewani kumfuata aliyeishona. Nimewahi kuona suruali kumi na saba ziko hewani kwa mpigo. Sawa, zilikuwa tatu.

Usidhani alikuwa mkatili. Ukutani kwenye msumari wake peke yake ilining'inia sufuria ya Waislamu, na mpishi aliyewahi kuikaangia nyama ya nguruwe alifukuzwa siku hiyohiyo, akarudishwa baada ya wiki akiwa amenunua sufuria mpya kwa mfuko wake. Mchana alituandalia wote chakula, mteja na fundi meza moja. Chai, hata hivyo, ilitengenezwa kwa majani yaleyale tangu asubuhi mpaka jioni, na kufikia saa tisa ulikuwa unakunywa maji ya moto yenye kumbukumbu ya chai. Ukilalamika, alikwambia rudi kesho asubuhi.

Na huyu mwanamke aliyechukia uongo namna hiyo alishona lebo za watu. Jinzi za karakana yake zilitoka zikiwa na majina ya makampuni ambayo hayajawahi kumsikia. Siku moja rafiki yangu Kibonge, Mzanzibari anayenunua midoli na vifaa vya shule kule mtaa wa Yide Lu, aliyekuwa amenisindikiza, alishindwa kujizuia akamuuliza kwa adabu zake zote za Unguja, iweje Mama anamrushia fundi suruali kwa mshono mmoja wa uongo na lebo yote ni ya uongo.

Mama hakukasirika. Alikata uzi kwa meno kwanza.

"Suruali hii itavaliwa miaka miwili itatoboka matakoni," akasema, "na uongo wake utatoboka pamoja nayo. Mimi nina uongo wa kwetu ambao hautoboki."

Hapo ndipo tulipoanza kusikia habari za kijiji.

Alituelezea vipande vipande, kwa miezi, huku akikata nyuzi, na kila kipande alikitoa kama mtu anayeng'oa msumari. Kijiji chao zamani kilikuwa bondeni kando ya mto. Kila msimu wa mavuno majambazi walipanda na mto wakachukua mchele, wakachukua ng'ombe, wakachukua watu. Mwisho wanakijiji wakahamia juu ya kilima, wakaamua kujizungushia ukuta. Kila nyumba ilipewa kipande chake cha kujenga, kikapimwa kwa mzegazega, ule mti wa kubebea mizigo miwili begani. Nyumba zenye wanaume wengi zilipewa upande wa mbele, kwenye lango, ambako ardhi ni tambarare. Nyumba ambazo wanaume wake walishauawa na majambazi, nyumba za wajane, zilipewa upande wa nyuma, juu ya genge, ambako hata mbuzi anafikiri kabla ya kupita. Wajane walishuka mpaka kijitoni, wakapanda na mawe, kwa mzegazega uleule.

"Upande wa mbele umeanguka mara ngapi sijui," alisema Mama. "Wa nyuma upo."

Uongo usiotoboka ulikuwa kitabu cha ukoo. Wazee wa ukoo wana kitabu kinachoeleza nani alijenga ngome, na ndani yake kuna majina ya wanaume kumi na wawili waliotoa amri. Wajane hawamo. Upande wa nyuma umeandikwa kwamba ulijengwa "na jamaa". Mama alilisema neno hilo, jamaa, kama mtu aliyekuta nywele kwenye wali. Mama yake mzazi alitoka kwenye moja ya nyumba zile za wajane, hakuzaa mtoto wa kiume, na kwa taratibu za ukoo binti akishaolewa nje ya kijiji hana ukuta tena. Kwa hiyo kitabu hakimtambui, wala wazee hawamtambui, na yeye hakuwatambua wao, na hali ikawa hivyo kwa miaka mingi, pande zote zikiwa zimenuna.

Alichobaki nacho ni kazi. Tangu zamani kila nyumba ilikuwa na siku moja kwa mwaka, kabla ya mvua za masika, ya kupanda na kuziba nyufa za kipande chake. Wengine wote waliacha. Yeye hakuacha. Mwanamke ambaye hakufunga karakana hata siku alipoteguka mguu, akakagua suruali akiwa amelala juu ya marobota, siku hiyo alizima cherehani zote, akawapa mafundi likizo, akaondoka na ndoo.

Mara ya kwanza nilikwenda naye kwa ubinafsi mtupu. Kontena langu lilikuwa linangoja, suruali zangu hazijawekwa vifungo, nikafika karakana nikakuta anafunga mlango. Nikaanza kulia lia, nina wateja Kariakoo, nina mke, nina presha. Akanitazama.

"Unataka suruali? Beba."

Nikabeba mifuko miwili ya chokaa. Kibonge, ambaye alikuja kucheka tu, akapewa gunia la mchele na sufuria.

Juu kule akawasha moto, akapika mchele wa kunata mpaka ukawa uji mzito, akaumimina kwenye chokaa, akakoroga. Nikamuuliza ni chakula cha nani. Akasema cha ukuta. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimwambia kwamba mimi nimesoma, na kwetu mtu akijenga kwa uji tunampeleka hospitali. Hakubishana. Alinipa msumari akaniambia nikwaruze maungio ya zamani kati ya mawe. Nikakwaruza. Msumari ukapinda, na maungio hayakuachia hata unga wa kujaza kijiko.

Moyoni sikuamini bado. Mtazame basi msomi wa masomo ya jioni: uji ulio mbele ya macho yake anaukataa, na nusu saa baadaye anameza twiga mzima.

Ilikuwa hivi. Kibonge alikuwa anafuta vumbi kwenye jiwe moja kwa kitambaa chake, akaona mchoro. Ngazi yenye vidato vitatu. Sasa, alama ya mizigo ya Kibonge ni ngazi yenye vidato vitatu. Ameichora kwenye kila katoni iliyotoka Yide Lu kwenda Unguja, na kabla yake baba yake aliichora kwenye magunia ya karafuu. Kibonge akakaa kwenye chokaa na suruali yake nyeupe.

"Sheikh wangu," akaniambia kwa sauti ya msikitini, "hii ni ya kwetu. Mzee wetu mmoja wa zamani alitoka Kilwa."

Tukazunguka mawe mengine. Tukakuta kitana, tukakuta chungu, tukakuta jembe, kila jiwe kubwa na alama yake, kama mabelo yaliyopangwa ghalani yakingoja kupakiwa. Mtu mwingine angeona mawe. Sisi tulichoona ni mzigo wenye wenyewe. Mfanyabiashara wa Kiswahili akiona alama hawezi kufikiri jambo jingine, ndivyo tulivyozoezwa.

Mama Laoban alikuwa hatua ishirini kutoka tulipokuwa, anakoroga uji. Hatukumuuliza.

Habari ilishuka kilimani na sisi. Kwenye mgahawa wetu Waafrika, karibu na soko la Liuhua, Kibonge alisimulia habari ya ngazi, na hapo ilikuwa bado ndogo, ngazi tu na mzee mmoja. Mimi ndiye niliyeilisha. Mzee mmoja akawa mabaharia ishirini. Twiga ni wangu. Nilimkumbuka kutoka darasani, nikamwingiza, akaingia vizuri sana, watu wakaacha kula. Mkenya mmoja alisema haiwezekani, nikamuuliza yeye alipata alama gani za historia. Baada ya mwaka mmoja habari ilinirudia kutoka kwa Mkongo asiyenijua, ikiwa na malkia na vita viwili, na badala ya kucheka nikafurahi kupata ushahidi mpya.

Kisha ikaja kampuni ya utalii. Ilikubaliana na wazee wa ukoo kukarabati kijiji, kiwe cha kutembelewa, na ilikuwa inatafuta kitu ambacho vijiji vingine vya ngome havina, kwa sababu mkoa huu umejaa vijiji vya ngome. Bwana mmoja wa kampuni, mwenye miwani na viatu visivyojua tope, alifika mgahawani akiulizia Mwafrika mwenye habari ya twiga. Wote wakaninyooshea kidole mimi.

Sitajitetea. Niliazima kanzu ya Kibonge, ikanifika magotini. Mimi, Mgogo wa Dodoma, mwimbaji wa kwaya, nikavaa kanzu na kofia, nikasimama kwenye ukuta wa wajane, nikaweka kiganja juu ya ngazi, nikasema mbele ya simu yao, kwa Kichina walichonikaririsha, kwamba babu zangu walijenga hapa. Nilitoa hata chozi. Halikuwa la uongo. Nililia kweli, ndivyo nilivyoamini.

Video ilienea. Wauza vifungo wa Xintang walinipigia makofi nikipita. Nilimtumia mke wangu, naye akawaonyesha wanakwaya.

Wiki chache baadaye nikapanda ngazi za karakana na oda kubwa kuliko zote nilizowahi kuleta. Mama Laoban alikuwa anakagua. Hakuinua kichwa.

"Meiyou," akasema.

Maana yake hakuna. Ni neno la kwanza mgeni yeyote analojifunza sokoni hapa, na mara nyingi ni mwanzo tu wa mazungumzo. Nikacheka, nikamwonyesha cherehani zote zinaunguruma, vitambaa vimejaa mpaka mlangoni. Hakuna nini?

"Meiyou."

Nikarudi wiki iliyofuata. Meiyou. Mara ya tatu aliinua tu mkono wa buluu. Nikaondoka nimefura. Nikazunguka Xintang nzima nikisema Mama Laoban ameota pembe, amepata wateja wakubwa, ametusahau tuliomtoa chini. Nilikuwa namsengenya mtu niliyembomolea ukuta, na nilijiona mimi ndiye niliyeonewa.

Aliyenifungua macho ni mkata vitambaa wake, mwanamume mpole aliyekaa naye tangu karakana ina cherehani mbili. Alinikuta dukani kwa zipu, akanivuta pembeni. Alisema kampuni imetoboa ukuta wa nyuma ili watalii wapite bila kuzunguka. Mawe yenye alama yameng'olewa, yameteremshwa kwenye maegesho ya mabasi, na kuna lango jipya linajengwa hapo, litaitwa Lango la Afrika. Pembeni yake wamemsimamisha twiga wa plastiki.

Mama alikwenda kwa wazee wa ukoo akiwa bado na mkasi wa karakana mkononi. Wakamwambia walichomwambia siku zote, binti aliyeolewa hana ukuta. Akasema mawe yale ni ya mama zake. Basi mzee mmoja akatoa simu, akacheza video yangu, mbele ya kijiji kizima kilichokuja kutazama ugomvi. Akamwambia, mwenye mawe amekuja mwenyewe kutoka Afrika, umemwona, wewe unadai nini?

"Aliitazama mpaka mwisho," mkata vitambaa akaniambia. "Akaomba airudie. Akaitazama tena. Akashuka."

Nimewahi kukasirika maishani, lakini siku hiyo niligundua kumbe ile yote ilikuwa mazoezi. Niliwakasirikia wale wazee, waliowakataa wajane kwenye kitabu kwa karne zote hizo wakaona haitoshi, ikabidi wapate na mgeni wa kuwakataa mara ya pili. Niliikasirikia kampuni, ambayo ilikuwa na wasomi, ilikuwa na magari, ilikuwa na mwanamke mwenye historia yote kichwani akiwa Xintang, ikaja kuniuliza mimi. Kuhusu nilivyojikasirikia mwenyewe siandiki, karatasi itatoboka.

Nikaenda ofisini kwao. Bwana wa miwani alinipokea kwa chai, na chai yao ilikuwa nzuri, jambo lililoniongezea hasira. Nikamwambia arudishe mawe, ule ukuta ni wa yule mama.

"Wewe ulisema ni wa babu zako."

"Ni wa babu zangu. Lakini ni wake."

Akavua miwani akaifuta. Alikuwa mtulivu kama mtu anayehesabu mayai.

"Sisi hatutaki ugomvi wa historia. Zege la mwisho la lango tutalimwaga Jumatatu ijayo. Kabla ya hapo mawe yanatoka bila kuvunjika. Niletee maandishi yako, usaini, useme ile habari ni ya uongo na mawe ni ya nani hasa. Nitawaonyesha wakubwa, na mawe yatarudi. Kwa hiyo niambie, ni ya uongo?"

Ningeweza kusema ndiyo, ni uongo, nikamaliza kazi. Lakini nilikuwa naamini. Niliiona ngazi kwa macho yangu, niliiona kwenye katoni za Kibonge kwa macho yangu. Nimedanganya mambo elfu moja maishani, na hili moja ambalo kulikana kungemsaidia mtu, nililiona kweli tupu. Bwana yule akatabasamu, akaniongeza chai. Alijua sitaandika.

Siku ya Mama ya kuziba nyufa iliangukia Jumamosi ya wiki hiyohiyo, siku mbili kabla ya zege. Nikapanda peke yangu. Sikupita njia mpya, ile ya tundu, nilizunguka kwa gengeni, nikashika majani na mizizi, nikaanguka mara mbili, na hapa sikuzi kitu.

Ukuta ulikuwa kama mdomo uliong'olewa meno ya mbele. Alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa tundu, anapaka uji na chokaa kwenye mawe yaliyobaki wazi ili mvua isiingie ndani. Anapaka kwa kiganja. Hakuna mtu mwingine. Chini kule maegeshoni mafundi wa kampuni walikuwa wanagonga mbao za lango, na shingo ya twiga ilionekana.

Nikasimama. Nikasema pole. Hakugeuka. Nikasema nilikwenda ofisini, nikamweleza yote, maandishi, Jumatatu, zege. Mkono wake ulipunguza mwendo lakini haukusimama. Akaniuliza kama nimeandika.

Nikasema bado.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ngazi, Mama," nikasema, na sauti yangu niliisikia ikiwa ndogo. "Kibonge anayo ngazi hiyohiyo. Baba yake alikuwa nayo. Nikiandika kwamba si yetu nitakuwa nimeandika nisichokijua."

Akaisogeza kando ndoo ya uji. Nilijiandaa kwa kitu kuruka hewani. Lakini alikaa kwenye jiwe, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikuona hasira usoni kwake hata kidogo. Alikuwa amechoka tu. Nilitamani anirushie suruali zote za Xintang.

"Wewe na rafiki yako mlidhani alama ni za kuonyesha mali," akasema.

Nikasema ndiyo, alama ni ya mwenye mzigo.

"Alama zilichorwa ili ukuta ukianguka wajue wa kumpiga. Wanawake wale hawakujua kuandika. Kila nyumba ikachora kitu ilichokuwa nacho. Kitana ni nyumba ya mama yangu. Ngazi ni mjane mmoja. Mwaka wa njaa alipewa mchele wa kupikia uji wa ukuta, akampa mtoto wake akala. Mawe akayaweka kwa matope. Mvua ikaja, kipande chake kikaanguka, wakatazama alama, wakamjua, wakamtoa nje ya lango yeye na mtoto. Hakurudi. Nyumba yetu ikakijenga upya kipande chake, ikaacha alama yake palepale, na tumekiziba pamoja na chetu mpaka leo. Hakuna mtu wa Kilwa. Hakuna twiga. Mtu wa kwanza wa kwenu kufika hapa ni wewe."

Akainuka, akarudi kwenye ukingo.

"Kaandike hivyo, Mrefu. Usiongeze kitu."